Mwili Bado Uko Majini: Vidokezo vya Kuutuliza, kwa Watu wa Migori na Homa Bay

Upepo ukibadilika ghafla usiku, mama anayengojea mashua ufuoni Sori hafundishwi kuogopa. Moyo unaenda mbio, mdomo unakauka, tumbo linajikunja, na yote hayo yametokea kabla hajapata hata wazo moja kamili. Hiyo ni kazi ya mfumo wa neva unaojiendesha wenyewe. Upande wake mmoja huuamsha mwili upigane au ukimbie, jambo ambalo Mmarekani Walter Cannon alilieleza kitabuni mwaka 1915. Upande wa pili huurudisha mwili kwenye chakula, usingizi na mazungumzo. Shida huanza pale mashua imeshafika salama, omena wameanikwa, lakini mwili bado uko majini.

Ukiwa hivyo, kuambiwa "tulia" hakusaidii. Mwili hausikii amri. Unasikia pumzi, sauti, mwendo na watu.

1. Jua unavyoshtuka wewe

Si kila mtu hutetemeka. Mwingine hufoka. Mwingine hukaza taya hadi meno yanauma. Mwingine hunyamaza siku nzima, watu wakadhani ana maringo, kumbe mwili wake umejifungia. Muulize unayeishi naye. Mara nyingi yeye huona kabla yako. Kisha itaje hali yenyewe, kwa Kijaluo, Kikuria, Kisuba au Kiswahili: nina hofu, nina hasira, nimechoka. Matthew Lieberman na wenzake huko Los Angeles walionyesha mwaka 2007 kwamba kuitaja hisia hupunguza msisimko wa amigdala, sehemu ya ubongo inayonusa hatari.

2. Refusha pumzi inayotoka

Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, uitoe polepole ukihesabu hadi sita. Endelea kwa dakika tano. Nguvu iko kwenye kuitoa. Unapovuta pumzi, moyo huongeza kasi kidogo. Unapoitoa, neva ya vagasi, inayoshuka kutoka shina la ubongo kupitia shingoni hadi kifuani na tumboni, huupunguzia moyo mwendo. Mwaka 1921 Otto Loewi aliisisimua neva hiyo kwenye moyo wa chura, mapigo yakapungua. Akachukua majimaji yaliyouzunguka moyo huo akayatia kwenye moyo wa chura mwingine, nao ukapunguza mapigo. Hivyo ikadhihirika kwamba neva hutoa kemikali inayoupoza moyo.

Zoea zoezi hili ukiwa na amani, ili siku ya mbio mwili uwe unalijua. Wewe wa bodaboda, lifanye kabla ya kuwasha pikipiki. Na kama kuzingatia pumzi kunakuzidishia wasiwasi, jambo linalowapata wengi waliopitia mambo mazito, acha. Kanyaga chini kwa nyayo zote mbili, tazama huku na huku, taja vitu vitano unavyoviona.

3. Usijitulize mahali ambapo hupaswi kutulia

Hiki nakiweka mbele ya vingine vingi, kwa sababu mafunzo ya utulivu hukisahau. Mwanamke anayeambiwa atoe mwili wake ndipo apewe samaki, ule mtindo uitwao jaboya, mwili wake unamwambia kweli. Kijana anayeshuka shimo la dhahabu Macalder akijua kuta hazijategemezwa, hofu yake ina akili. Pumzi ya kuhesabu haizuii kofi wala shimo kuporomoka.

Waliojenga boma la Thimlich Ohinga, kule Nyatike, walilijua jambo hili. Katika karne ya 16 hivi walipanga mawe bila saruji, kuta zikasimama kati ya mita moja na nusu na nne na nusu, watu na mifugo wakalala ndani. UNESCO iliitangaza kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kwanza ukuta, ndipo usingizi.

Kwa hiyo jiulize: hatari imepita, au bado ipo? Kama ipo, nguvu yako iende kwenye kuiondoa. Kule ufuo wa Nduru, Kaunti ya Kisumu, wanawake wa kikundi cha No Sex for Fish walianza kupata mashua zao wenyewe mwaka 2011, ili wasimpigie mtu magoti. Kama hatari iko nyumbani, piga 1195, nambari ya bure ya kitaifa kwa walioteswa kijinsia. Mtoto akiwa hatarini, piga 116.

4. Imba, lakini usiimbe peke yako

Kuimba ni kutoa pumzi ndefu bila kuhesabu. Watafiti wa Gothenburg, Uswidi, walipima vijana wakiimba pamoja, na mwaka 2013 wakaeleza kuwa mioyo yao iliharakisha na kupunguza mwendo kwa pamoja, ikifuata mistari ya wimbo. Huku kwetu kwaya hazijawahi kukosekana. Tangu Arthur Carscallen aanzishe misheni ya Waadventista Wasabato Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, familia nyingi za ukanda huu zimekuwa zikiacha kazi kuanzia jua la Ijumaa linapotua, na kesho yake zinaimba. Huhitaji kuwa Msabato ili uige hilo: siku moja isiyo na deni la kudai wala la kulipa, na nyimbo ndani yake. Anayependa kupiga nyatiti au litungu, njia ni ileile.

5. Msibani, uache mwili ufanye kazi yake; kisha rudi wiki ya tatu

Kwa Wajaluo msiba haukai kitini. Kuna nduru, kuna kutembea huku na huku, na penye tero buru wanaume hukimbiza ng'ombe, vumbi likatimka, watu wakaimba na kupiga kelele kukifukuza kifo. Mwili uliojaa adrenalini umeandaliwa kukimbia, na hapo unapewa nafasi ya kukimbia mbele ya watu wanaouelewa. Anayemnyamazisha mjane kwa kumwambia ajikaze anamnyima hilo. Sisemi kila jambo la msibani lina afya. Kukesha usiku mfululizo huku spika zikinguruma humwacha mfiwa akiwa hoi, na deni la kulisha wageni humnyima usingizi kwa miezi.

Ninachokiogopa zaidi ni yale yanayofuata. Hema linafunguliwa, viti vya kukodi vinarudishwa, magari ya Nairobi yanaondoka Jumapili, na nyumba iliyokuwa na watu mia inabaki na mmoja. Hapo ndipo mwili uliojikaza hulegea. Hamu ya kula inaisha. Usiku mtu anashtuka kwa sauti ya lango ambalo hakuna aliyelifungua.

Basi nenda wiki ya tatu. Usiende na mahubiri wala swali la "umezoea?" Beba unga, keti, chambua mboga pamoja naye, mtembeze hadi ziwani na kurudi. Mshike mkono, kama huwa mnashikana mikono. Mwaka 2006 James Coan wa Virginia alieleza jinsi alivyowaweka wanawake 16 walioolewa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, akawatishia kwa shoti ndogo ya umeme. Aliyeshika mkono wa mumewe, ubongo wake ulishtuka kidogo kuliko aliyekuwa peke yake. Mkono wa mtu asiyemjua nao ulisaidia, ingawa si kwa kiasi kile. Jirani yako si mgeni kwako. Mkono wako una kazi.

6. Wavuvi wa usiku, lindeni usingizi wa mchana

Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwili unaamrishwa kulala jua likiwa kali. Ziba dirisha kwa kitambaa kizito, waombe watoto wachezee mbali, na lala saa zilezile kila siku. Chai ya rangi au kahawa ya mwisho iwe mapema: baada ya muda wa saa tano hivi, karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini. Chang'aa huleta usingizi haraka, kisha huukatakata. Mwezi ukiwa mpevu na mashua zikipumzika, zitumie siku hizo kulipa usingizi unaodaiwa.

7. Mtoto hukopa utulivu wa mkubwa

Akilia kwa hofu, shusha sauti yako kwanza, chuchumaa, uso wako uwe karibu na wake. Maneno yaje baadaye. Washauri wengi hueleza hili kwa nadharia ya Stephen Porges ya mwaka 1994 kuhusu neva ya vagasi. Wanafiziolojia wanabishana juu ya sehemu zake, ila bibi waliowalaza wajukuu kwa hadithi katika siwindhe, nyumba ya bibi, hawakuingojea.

8. Pima, usikisie

Moyo kwenda mbio kunaweza pia kuwa upungufu wa damu, tezi ya shingo, malaria au presha. Wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa mikoba ya vifaa na serikali Septemba 2023, wana mashine ya kupima presha. Muulize wa kijiji chako. Maumivu ya kifua yanayoenea mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho la ghafla, ni ya hospitali saa hiyohiyo.

Na kama mawazo ya kujiua yanakuja, mwambie mtu leo, au piga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Usizuiwe na hofu ya polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai kinakiuka Katiba. Ukiogopa kwenda kituo cha afya peke yako, omba mtu akusindikize na akae nawe kwenye foleni hadi jina lako liitwe.