Mfungo na Kiasi Chake

Kila Kwaresima ikaribiapo, katika nyumba za Wakristu huulizwa swali hili: mtu afunge kwa muda gani, na kwa ukali gani? Siku hizi swali hilo limezidi uzito, maana wako wahubiri wawahimizao watu kukaa siku 20, 30, hata 40 bila chakula, wakisema kwamba kadiri mwili unavyodhoofika ndivyo roho inavyopata nguvu. Kwa kuwa jambo hili lahusu uhai wa watu, twaona yafaa tulieleze kwa taratibu: kwanza habari za mwili, kisha habari za akili, na mwisho yale yatupasayo nyumbani.

Mwenyezi Mungu ameuumba mwili wa mwanadamu uweze kustahimili njaa ya kitambo. Mtu aachapo kula, mwili hutumia kwanza sukari iliyowekwa akiba katika ini. Akiba hiyo ni ndogo, nayo hukaribia kwisha baada ya siku moja hivi. Hapo mwili hugeukia mafuta yake, na kutoka katika mafuta hayo ini hutengeneza vitu viitwavyo ketoni, ambavyo ubongo waweza kuvitumia mahali pa sehemu kubwa ya sukari. Lakini hauwezi kuiacha sukari kabisa. Kwa hiyo, tangu siku za mwanzo, mwili huanza kuila misuli yake wenyewe ili kuipata sukari hiyo. Nao moyo, tusisahau, ni msuli. Mapigo yake hupungua, mtu huona kizunguzungu asimamapo, na huhisi baridi hata penye joto. Akiba ya vitamini B1 huweza kwisha katika majuma mawili au matatu. Ikikosekana, mtu huona vitu viwili viwili, hupepesuka katika mwendo, na kumbukumbu zake huweza kuharibika zisirudi tena.

Hayo ni ya mtu anywaye maji. Asiyekula wala kunywa hufa katika siku chache tu. Nao wanywao maji hawana kinga: mwaka 1981, katika gereza la Maze huko Ireland ya Kaskazini, wafungwa 10 waliogoma kula walikufa baada ya siku kati ya 46 na 73. Hata mmoja wao hakuwa ametimiza miaka 30.

Sasa tuje kwenye akili, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Hudhaniwa kwamba njaa huisafisha akili, ikabaki nyepesi kwa sala. Kwa mfungo mfupi, wako waonao hivyo. Kwa njaa ndefu mambo ni kinyume. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtaalamu Ancel Keys alitaka kujua namna ya kuwauguza watu walioharibiwa na njaa ya Vita Kuu ya Pili. Vijana 36, waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri, wakajitolea. Kwa majuma 24, tangu Februari hata Julai 1945, walipewa karibu nusu ya chakula walichokizoea. Angalieni vema: hawakunyimwa chakula, walipunguziwa tu. Walipoteza karibu robo ya uzito wao.

Vijana hao walikuwa wamechaguliwa kwa afya yao na kwa utulivu wa akili zao. Njaa ilipowakaa, wakawa wepesi wa hasira, wazito wa kazi, wenye huzuni na wenye kujitenga. Masomo hayakuwavutia tena, wala michezo. Fikira zao zote zikawa chakula: wakasoma vitabu vya mapishi, wakaota chakula usiku, wakalamba sahani. Mmoja wao, hata baada ya chakula kuanza kuongezwa, alijikata vidole kwa shoka, wala baadaye hakuweza kusema kwa hakika kama alikusudia au la. Habari hizi zilichapishwa mwaka 1950, na hata leo waganga huzitegemea.

Tunajifunza nini? Wahenga walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nasi twaongeza kwamba mwenye njaa ndefu hajijui mwenyewe. Akili ile ile ambayo ingempasa kumwambia, “Sasa yatosha,” ndiyo inayodhoofika pamoja na mwili. Kwa hiyo hafai kuwa mwamuzi wa mfungo wake. Na akisikia sauti au kuona maono baada ya siku nyingi za njaa, asiharakishe kudhani ni ujumbe wa mbinguni. Ubongo ulionyimwa chakula huweweseka kama wa mgonjwa wa homa kali.

Watakatifu walilijua jambo hili kabla ya wataalamu. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, alipokuwa Manresa katika Hispania mwaka 1522, aliteswa na wasiwasi wa dhamiri hata akajaribiwa kujiua. Akaamua asile mpaka Mungu amsaidie. Akakaa juma zima. Muungamishi wake aliposikia, alimwamuru ale, naye akatii. Miaka mingi baadaye, mwaka 1548, Inyasi huyo huyo alimwandikia Fransisko Borja apunguze mfungo wake na kuutunza mwili, kwani mwili nao ni wa Mungu.

Ndiyo maana sheria ya Kanisa ni ya upole. Huwadai mfungo wenye umri wa miaka 18 hadi kuanza mwaka wao wa 60, siku ya Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Siku hizo huruhusu mlo mmoja kamili, na chakula kidogo asubuhi na jioni. Watoto hawadaiwi, wala wagonjwa. Anayewaongezea watu mzigo usio na mpaka hana haki ya kusema kwamba anatimiza sheria hiyo.

Tunajua pia mwisho wa njia isiyo na mpaka. Tangu Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba kwa kufunga hata kufa watakutana na Yesu. Wengi walikufa kwa njaa. Baadhi walikutwa na dalili za kunyongwa. Watoto walikuwamo. Hukumu ya walioshtakiwa ni kazi ya mahakama. Kazi yetu ni kuzilinda nyumba zetu.

Basi wazazi wayashike haya. Mtoto, mama mjamzito, mama anyonyeshaye, mzee dhaifu, na mgonjwa wa kisukari au wa moyo wasifungishwe na mtu yeyote. Atakaye kufunga zaidi ya kawaida amwulize kwanza padre na mganga, wala asifunge kwa siri. Mhubiri akikataza maji, au akikataza watu kwenda hospitali, mwondokeni upesi.

Na mkimkuta aliyekaa siku tano au zaidi bila kula, msimrundikie ugali na nyama kwa huruma. Mwili uliozoea njaa, ukipata chakula kingi kwa ghafula, huvuta madini kutoka katika damu kwa kasi, na moyo huweza kusimama. Baada ya vita ile wengi waliofunguliwa kutoka makambini walikufa hivyo, wakiwa wamekwisha okolewa. Mpelekeni hospitali, alishwe kidogo kidogo chini ya uangalizi.

Tufunge, basi, kama Kanisa linavyotufundisha, na kile tulichojinyima tumpe asiye na chakula. Mfungo wa namna hiyo humwacha mtu na nguvu za kusali, kufanya kazi yake, na kuwatunza watoto aliokabidhiwa na Mungu.