Ua Lisilofunga Tunda: Somo la Pasheni ya Manjano kwa Wakulima wa Pwani ya Mtwara

Miongoni mwa mimea itambaayo inayofaa kupandwa uani katika pwani ya Mtwara, pasheni ya manjano ina sifa tatu ambazo ni nadra kukutana katika mmea mmoja: ua la kupendeza, kivuli kizito na tunda lenye soko. Hata hivyo, malalamiko ya wanaoipanda kwa mara ya kwanza hufanana. Mmea umetanda, umechanua kwa wingi, lakini maua yote huanguka na chanja hubaki na majani matupu. Wengine huulaumu udongo, wengine mbegu, na wako wanaolisingizia jicho baya la jirani. Sababu, mara nyingi, imo ndani ya ua lenyewe. Somo hili linaeleza namna ua hilo linavyofanya kazi, na yale ambayo mkulima anapaswa kuyatimiza ili ua liwe tunda.

Asili ya mmea na jina lake

Pasheni ni mmea wa Amerika ya Kusini, hasa maeneo ya Brazili, Paragwai na kaskazini mwa Ajentina. Wamisionari wa Kihispania waliokutana na jamii hii ya mimea huko Amerika waliona katika ua lake mfano wa mateso ya Kristo: nyuzi nyembamba zinazolizunguka ua zilifananishwa na taji la miiba, na sehemu tatu za juu zikafananishwa na misumari. Jina linalotumika leo katika Kiswahili limetokana na neno la Kiingereza lenye maana hiyo ya mateso.

Zipo aina mbili zinazojulikana zaidi, na kuzitofautisha ndilo jambo la kwanza kwa mkulima wa pwani. Pasheni ya zambarau, yenye tunda dogo linalokunjamana likiiva, ni mmea wa nyanda za juu zenye ubaridi, na huweza kustahimili sakitu nyepesi. Pasheni ya manjano, yenye tunda kubwa zaidi na maji makali zaidi, ni mmea wa nchi tambarare zenye joto, na sakitu huiua. Mkulima wa Njombe au Makete, ambako umande huganda katika miezi ya Juni na Julai, hawezi kuitegemea. Mkulima wa Msimbati, Madimba au Kilambo hana hofu hiyo, kwa kuwa usiku wa Julai katika pwani hii haukaribii baridi ya namna hiyo.

Kosa linalotendeka mara kwa mara ni la kinyume. Mtu hununua sokoni pasheni za zambarau zilizotoka nyanda za juu, akala tunda na kupanda mbegu zake pwani. Mmea huota na kutanda vizuri, lakini joto huufanya uchanue kwa uchache. Kwa pwani, mbegu ichukuliwe katika tunda la manjano lililokomaa katika nchi ya joto.

Namna ua linavyofanya kazi

Ua la pasheni lina sehemu za kiume na za kike pamoja. Katikati yake husimama kikonyo kinachobeba vifuko vitano vya chavua, ambavyo ni sehemu ya kiume. Juu ya vifuko hivyo hutokeza vichwa vitatu vya kijani vinavyopokea chavua, ambavyo ni sehemu ya kike na huitwa stigma. Kwa mtazamo wa haraka ua hilo limejitosheleza. Ukweli ni kwamba pasheni ya manjano huikataa chavua yake yenyewe. Chavua ya ua moja haizalishi tunda katika ua hilo, wala katika ua jingine lolote la mmea uleule. Ni lazima itoke katika mmea mwingine usiofanana nao kwa asili.

Kutokana na tabia hiyo yanapatikana mambo mawili. Kwanza, mche mmoja uliopandwa peke yake mlangoni utachanua mwaka hata mwaka bila kuzaa cha maana. Pili, hata miche kumi haitasaidia ikiwa yote ilikatwa kama vipandikizi kutoka katika mmea mmoja, kwa sababu mbele ya ua hiyo yote ni mmea mmoja. Dawa yake ni rahisi: mbegu zichukuliwe katika matunda yaliyotoka kwenye mimea mitatu au zaidi, zichanganywe, na miche isiyopungua mitatu ipandwe mahali pamoja.

Saa ya ua nayo ina maana. Pasheni ya zambarau hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri. Ya manjano hufunguka mnamo saa sita mchana na kufumba usiku, kama saa tatu au saa nne. Linapofunguka, stigma zake huwa zimesimama wima. Baada ya muda wa saa moja hivi hupinda na kushuka hadi usawa wa vifuko vya chavua, na hapo ndipo ua linapokuwa tayari kupokea. Ua ambalo halikupata chavua siku hiyo halipati nafasi nyingine, kwani huchanua mara moja tu.

Mdudu anayestahili kulindwa

Chavua ya pasheni ni nzito na hunata, kwa hiyo upepo wa baharini hauwezi kuibeba. Nyuki wa asali huyatembelea maua hayo kwa wingi, lakini umbo lake ni dogo: hupita chini ya stigma bila kuzigusa, akaichukua chavua na kuondoka nayo mzingani. Mfanyakazi wa kweli ni nyuki seremala, yule mdudu mkubwa mwenye mwili mweusi na mvumo mzito anayetoboa matundu ya mviringo katika boriti na mbao kavu. Anapoingia kunywa maji matamu ya ua, mgongo wake husugua vifuko vya chavua, na katika ua linalofuata mgongo huohuo huzigusa stigma.

Wenyeji wengi humchukulia kama adui wa nyumba, na huziba matundu yake au kuyachoma moto. Dume lake haliwezi kuuma, na jike huuma kwa nadra, aghalabu akishikwa mkononi. Badala ya kumwangamiza, mkulima amwekee kipande cha gogo kavu la mti laini chini ya paa dogo karibu na chanja, ili aache boriti za nyumba na kujenga huko. Mbaazi zikipandwa pembeni humpa chakula cha ziada, kwa kuwa maua yake huyapenda.

Hapa pana suala linaloihusu Mtwara kwa namna ya pekee. Kuanzia mwezi Juni, mikorosho inapoanza kuchipua na kuchanua, mashamba hupuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga, na viuadudu dhidi ya wadudu waharibifu. Viuadudu havichagui: humuua mharibifu na mchavushaji. Mwenye pasheni karibu na mikorosho azingatie kwamba ua la manjano hufunguka adhuhuri. Upuliziaji ufanyike alfajiri, upepo ukiwa umetulia na maua yakiwa yamefumba, na kamwe usifanyike mchana wala jioni. Ni vyema majirani wakapatana siku na saa ya kupulizia, kwa sababu nyuki hajui mpaka wa shamba.

Kuchavusha kwa mkono

Pale ambapo nyuki seremala ni wachache, mwanafamilia yeyote aweza kuifanya kazi yake. Wakati unaofaa ni kati ya saa nane mchana na saa kumi na moja jioni, stigma zikiwa zimekwisha kupinda. Achukue chavua kwa ncha ya kidole au kwa pamba katika ua la mmea wa kwanza, kisha aipake kwenye stigma zote tatu za ua la mmea wa pili, na kurudi vivyo hivyo. Kadiri chavua inavyofika kwa wingi ndivyo mbegu zinavyokuwa nyingi, na kwa kuwa kila mbegu huvikwa kifuko chake cha maji, ndivyo tunda linavyojaa. Tunda jepesi lenye uwazi ndani ni dalili ya uchavushaji hafifu. Kazi hiyo isifanyike mvua inapokaribia, maana chavua ikilowa hupasuka na kuharibika.

Chanja, udongo na maji

Mbegu huoteshwa katika viriba mwezi Septemba, na miche huhamishiwa shambani mvua zikishika, yaani Desemba au Januari. Nafasi ya mita 3 kati ya mche na mche hutosha. Udongo wa kichanga wa pwani hupitisha maji upesi, jambo linaloifaa mizizi isiyopenda kutuama kwa maji, lakini hauna rutuba nyingi. Hivyo kila shimo lijazwe samadi iliyooza, na shina litandazwe nyasi kavu. Wakati wa kiangazi mmea humwagiliwa mara kwa mara, kwani ukikauka hudondosha maua. Maji ya kisima chenye chumvi yaepukwe, na chanja isielekezwe moja kwa moja kwenye upepo wa bahari.

Nguzo ziwe na urefu wa mita 2 na nusu, nusu mita ikizama ardhini, na waya mmoja imara upite juu. Shina moja huongozwa hadi kwenye waya, kisha matawi huachwa yaning'inie. Maua hutoka katika matawi mapya, kwa hiyo yale yaliyokwisha kuzaa hupunguzwa baada ya mavuno. Miti ya mvinje iliyopandwa hufaa kwa nguzo. Mikoko haifai kuguswa: ile ya maingilio ya Ruvuma imo katika hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, na ndiyo kinga ya ufuko na malezi ya samaki. Uimara wa chanja si jambo dogo, kwani majani yakitanda hushika upepo kama tanga. Kimbunga Kenneth, kilichoipiga pwani ya Cabo Delgado ng'ambo ya Ruvuma tarehe 25 Aprili 2019, ni ukumbusho kwamba upepo mkali waweza kuja mwishoni mwa masika, matunda yakiwa bado juu.

Kuvuna

Tangu ua kufunga hadi tunda kuiva hupita siku 60 hadi 80. Tunda la manjano lililoiva huanguka lenyewe, na huokotwa kila siku kabla jua halijalichoma. Tunda bichi lisiliwe, na watoto waonywe, kwa sababu lina sumu inayopungua kadiri linavyoiva. Lililoiva huwapa watoto vitamini C na vitamini A.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini miche kumi ya vipandikizi kutoka mmea mmoja haiwezi kuzaa?
2. Ni saa zipi ambazo viuadudu havipaswi kupuliziwa karibu na pasheni ya manjano, na kwa nini?
3. Tunda likiwa jepesi na lenye uwazi ndani, mkulima achunguze jambo gani kwanza?

Mwenye kuhitaji msaada wa kutambua aina ya mbegu, au wa kupanga siku za upuliziaji pamoja na majirani, amwone Afisa Ugani wa kata yake.