Kipimo cha Karatasi

Watoto, mtu mwenye akili akitaka kujenga nyumba, hupima kiwanja kwanza, ndipo akate miti. Akikata miti kabla ya kupima, mingine itakuwa mirefu, mingine mifupi, na kazi yake imepotea. Kazi ya kuchapa ni vile vile. Kabla ya kupanga herufi hata moja, mchapaji hujiuliza maneno mawili: Karatasi yangu ina ukubwa gani? Tena, itasimama au italala? Asiyejiuliza hayo huharibu karatasi, na pengine huharibu jambo lenye thamani kuliko karatasi.

1. Karatasi inatoka mbali

Huku kwetu Masisi na Walikale hakuna kiwanda cha karatasi. Karatasi zetu hupatikana Goma. Kutoka Goma hupita Sake, hupanda milima ya Masisi, tena hushuka mpaka katika msitu wa Walikale. Zinaletwa kwa gari, kwa pikipiki, na mahali pengine kwa mgongo wa mtu. Mvua ikinyesha, njia inakuwa tope. Wakati wa vita njia hufungwa, na karatasi haifiki kabisa.

Karatasi huuzwa katika paketi yenye karatasi 500. Watu wa biro huiita rame. Rame moja ya karatasi za kawaida ina uzito wa kilo mbili na nusu. Mtu anayebeba rame kumi amebeba kilo 25. Mkumbukeni mtu huyo kila mnapotaka kukunja karatasi safi na kuitupa.

2. Karatasi inayoitwa A4

Chukueni rula, mpime karatasi ya biro. Upana wake ni milimita 210, yaani sentimita 21. Urefu wake ni milimita 297. Jina lake ni A4. Ndiyo karatasi ya barua, ya mitihani na ya hati katika nchi yetu, na katika nchi nyingi za dunia.

Kwa nini hawakuchagua milimita 200 kwa 300, hesabu iliyo rahisi? Sababu ni hii. Kunjeni A4 katikati, upande mrefu uwe nusu. Mnapata karatasi ndogo, jina lake A5. Iangalieni vizuri: ni ndogo, lakini umbo lake ni lile lile. Ikunjeni tena, umbo halibadiliki. Karatasi nyingine hazifanyi hivyo. Karatasi ya mraba ukiikunja katikati, haiwi mraba tena.

Kinyume chake ni hivi: A4 mbili zikiwekwa pamoja, upande mrefu kwa upande mrefu, zinafanya A3. A3 mbili zinafanya A2, A2 mbili zinafanya A1, na A1 mbili zinafanya A0. Eneo la A0 ni meta mraba moja. Basi A4 kumi na sita zinafunika meta mraba moja. Karatasi ya kawaida ina gramu 80 kwa meta mraba. Gawanyeni 80 kwa 16: kila A4 ina gramu 5. Zidisheni kwa 500: ni gramu 2500. Ndizo zile kilo mbili na nusu za rame.

Mtaalamu mmoja wa Ujerumani, jina lake Georg Christoph Lichtenberg, aliandika habari za umbo hili katika barua ya mwaka 1786. Mwaka 1922 Ujerumani ilifanya vipimo hivi kuwa sheria ya wachapaji wake. Ubelgiji ilifuata mwaka 1924, na nchi nyingine moja moja. Mwaka 1975 vikawa vipimo vya mataifa yote yanayotaka kuvitumia.

3. Karatasi ya Marekani

Marekani na Kanada hawakufuata. Wao wana karatasi yao, jina lake Letter. Upana wake ni karibu milimita 216, na urefu wake ni karibu milimita 279. Ilinganisheni na A4: ni pana zaidi kwa milimita 6, lakini ni fupi kwa milimita 18.

Mtasema, "Marekani ni mbali, karatasi yao yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Programu nyingi za kompyuta zilitengenezwa Marekani. Baadhi yake, zisipoambiwa neno, hufikiri kwamba karatasi ni ya Marekani.

Tuseme mwalimu mmoja wa Walikale ametayarisha mtihani wa maswali kumi. Ameupanga vizuri kwa A4, na swali la kumi liko chini kabisa. Anautuma Goma ukachapwe. Lakini mashini ya huko imeambiwa kwamba karatasi ni Letter. Milimita 18 za chini hazina mahali pa kukaa. Swali la kumi linakatwa. Wanafunzi 60 wanajibu maswali tisa. Anayesahihisha ana karatasi yenye maswali kumi. Kila mtoto anapoteza alama bila kosa lake.

Au ni orodha ya watoto walioshinda. Jina la mwisho, lililoandikwa chini ya ukurasa, halionekani. Mtoto anasoma orodha mara mbili, mara tatu, halafu anarudi nyumbani kwa machozi, kumbe ameshinda. Milimita 18 si nyingi, hazifikii hata urefu wa kidole. Lakini jina la mtu hutosha ndani yake.

4. Kupunguza ukubwa

Pengine mashini haikati kitu, bali hupunguza ukurasa mzima upate kuingia. Katika kompyuta za Kifaransa amri hiyo ni "Ajuster". Amri ya kuacha ukurasa jinsi ulivyo ni "Taille réelle", yaani ukubwa wa kweli.

Ukurasa wa A4 ukipunguzwa uingie katika Letter, kila sentimita 100 huwa 94. Kwa barua si kitu, maneno yanasomeka. Lakini kwa somo la jometri ni hatari. Mwalimu amechora mstari wa sentimita 10 na kuuliza, "Mstari huu una urefu gani?" Mtoto anapima, anaona sentimita 9 na milimita 4. Anaandika alichokiona kwa rula yake, naye anahesabiwa kwamba amekosa. Ramani pia inakuwa ya uongo, kama chini yake imeandikwa kwamba sentimita moja ni kilometa moja. Vitu vya kupimwa vichapwe kwa ukubwa wa kweli.

5. Kusimama na kulala

Karatasi yenye pande zisizo sawa huweza kuwekwa kwa namna mbili. Upande mrefu ukielekea juu, karatasi imesimama. Upande mrefu ukielekea kushoto na kulia, karatasi imelala. Katika Kifaransa karatasi iliyosimama huitwa "portrait", maana yake picha ya mtu, kwa sababu mtu husimama. Iliyolala huitwa "paysage", maana yake sura ya nchi, kwa sababu nchi imetandazwa mbele ya macho.

Barua husimama. Hadithi husimama. Mistari mifupi husomeka bila jicho kupotea njia. Lakini orodha ya alama yenye jina la mtoto, masomo kumi na jumla, inataka nafasi kwa upana. Hiyo ilale. Mkichora njia ya Goma, Sake, Masisi, Nyabiondo mpaka Walikale, ramani yenu itakwenda kutoka mashariki hata magharibi. Nayo ilale. Mkiilazimisha kusimama, mtaandika majina madogo kama chawa, na nusu ya karatasi itakaa bure.

Mkichapa pande mbili, angalieni tena. Karatasi iliyosimama hugeuzwa kwa upande wake mrefu, kama kitabu. Iliyolala hugeuzwa kwa upande wake mfupi. Mkibadilisha, ukurasa wa pili utakuwa kichwa chini.

6. Mahali patatu, neno moja

Zamani, katika viwanda vya chapa vya misioni, kama Kipalapala karibu na Tabora, au Ndanda na Peramiho kusini mwa Tanzania, herufi zilikuwa vipande vya risasi. Mpangaji alizipanga kwa mkono, akazibana ndani ya fremu ya chuma. Baada ya kuzibana, hakuweza kupanua ukurasa kwa urahisi. Kwa hiyo alipima kwanza. Siku hizi kompyuta hupanga haraka, lakini sheria ni ile ile.

Yako mahali patatu pa kuangalia. Kwanza, ndani ya maandiko yenyewe: yamepangwa kwa A4, ya kusimama au ya kulala? Pili, katika amri ya kuchapa: mashini imeambiwa A4, nayo isimamishe au ilaze? Tatu, katika kisanduku cha mashini: karatasi iliyowekwa humo ni A4 kweli? Mahali hapo patatu pakisema neno moja, kazi ni njema. Pawili pakikubaliana na pa tatu pakakataa, kazi imeharibika.

Halafu chapeni karatasi moja tu. Isomeni mpaka mstari wa mwisho. Pimeni kwa rula. Ikiwa sawa, chapeni 120. Karatasi moja ikiharibika, ni gramu 5. Karatasi 120 zikiharibika, ni gramu 600, na fedha za wazazi, na safari nyingine ya Goma.

Maswali

1. Karatasi A4 ina upana gani na urefu gani?
2. Kwa nini A4 moja ina uzito wa gramu 5?
3. Karatasi ya Marekani inapita A4 kwa upana au kwa urefu? Kwa milimita ngapi?
4. Taja kazi mbili zinazotaka karatasi ya kusimama, na mbili zinazotaka karatasi ya kulala.
5. Mahali patatu pa kuangalia ni wapi?

Kazi ya mikono

Chukueni karatasi mbili zilizotumika upande mmoja. Zilazeni, moja juu ya nyingine, mzikunje katikati. Mmepata kijitabu cha A5 chenye kurasa nane. Andikeni namba za kurasa kwa penseli, tangu 1 hata 8. Sasa kikunjueni kijitabu, mtenge karatasi zake. Upande mmoja mtaona 8 na 1, upande wa pili 2 na 7. Katika karatasi ya ndani mtaona 6 na 3, halafu 4 na 5. Jumlisheni kila mara namba mbili zilizo upande mmoja. Mmepata nini? Basi kijitabu cha kurasa kumi na mbili kitatoa jumla gani? Fanyeni hesabu kwanza, ndipo mkunje karatasi ya tatu mwone kama mmepata.