Mtoto ajifunze akicheza

Wengi wetu wazazi tuliotoka Kongo tunaishi hapa Bujumbura tukingojea kurudi nyumbani. Lakini ubongo wa mtoto haungoji. Hukua kwa kasi sana katika miaka 5 ya kwanza. Tufanye nini bila pesa?

1. Tumpe vizibo vya chupa avihesabu na kuvipanga kwa rangi.
2. Tumsimulie hadithi kwa lugha ya nyumbani, tumwulize: "Kisha ikawaje?" Shuleni atakuta Kirundi na Kifaransa, lugha yetu haitamzuia, itamsaidia.
3. Tumwandikie jina lake mchangani, alifuate kwa kidole.
4. Mzazi asiyejua kusoma afungue kitabu, waongee juu ya picha.

Timotheo aliyajua Maandiko tangu utoto (2 Timotheo 3:15). Tuanze leo jioni, dakika 10 tu.