SOMO: MSHIKA MAWILI NA KAPU LA MFUMAJI



Katika somo hili tutazame kazi ya mikono inayojulikana katika nyumba nyingi za usharika wetu, yaani kufuma. Ukimtembelea mfumaji hodari hapa Bariadi, au Maswa, au Itilima, utaona pembeni mwa kiti chake kapu au mfuko wa kitenge. Omba ruhusa utazame ndani. Utakuta mkono mmoja wa sweta ya shule, kitambaa cha meza kilichofika nusu, kofia ya mtoto mchanga isiyofungwa juu, na chini kabisa kitu ambacho hata mwenyewe anakumbuka kwa shida alikianza kwa ajili ya nani.

Wahenga walisema, "Mshika mawili moja humponyoka." Je, methali hiyo inamhukumu mfumaji wetu? Sisi tuliofundisha watoto kufuma katika vipindi vya Sayansikimu twajibu hivi: wingi wa kazi peke yake si kosa. Kosa ni kutojua ni kazi ipi imebeba ahadi ya mtu. Tulichambue jambo hili hatua kwa hatua.

1. Kwa nini kazi huwa nyingi

Mtu asiyefuma hudhani kuwa mfumaji huanza kazi mpya kwa tamaa tu. Tamaa ipo, hatukatai. Rangi mpya ya uzi ikionekana dukani, vidole huwasha. Lakini kuna sababu za haki pia.

Sababu ya kwanza ni uzi kwisha. Uzi huchovywa rangi kiwandani kwa mafungu, na fungu moja halifanani kabisa na lingine, hata kama rangi ina jina lile lile. Ndiyo maana kwenye karatasi ya bonge la uzi mara nyingi huwa na namba mbili, moja ya rangi na nyingine ya fungu. Mwenye kufuma vitambaa vya makochi akipungukiwa bonge moja, huenda akalazimika kungoja mtu wa kwenda Mwanza amtafutie fungu lile lile. Je, akae bure siku zote hizo? Hapana, atashika kazi nyingine.

Sababu ya pili ni mwili. Sindano nyembamba yenye ndoano, ile ya vitambaa, huchosha vidole na kifundo cha mkono. Sindano mbili nene za sweta huchosha mahali pengine. Kubadilisha kazi ni namna ya kupumzisha mkono bila kuulaza.

Sababu ya tatu ni akili. Ziko kazi za kuhesabu, ambazo ukiitikia salamu tu umepoteza hesabu. Na ziko kazi za kwenda moja kwa moja, ambazo waweza kuzifanya huku unasikiliza redio au unamsikiliza mtoto akisoma. Nyumba haina utulivu saa zote, kwa hiyo yafaa kuwa na kazi ya kila aina.

2. Mwaka wa pamba na mwaka wa sindano

Mkoa wetu wa Simiyu, uliotengwa na Mkoa wa Shinyanga mwaka 2012, ni nchi ya pamba. Ni jambo la kutafakari kwamba tunalima pamba mlangoni, na bado uzi wa kufumia tunaununua dukani. Kilo 3 za pamba mbegu, zikichambuliwa ginari, hutoa takriban kilo 1 ya pamba nyuzi, na sehemu kubwa ya nyuzi hizo za nchi yetu huuzwa nje. Tena pamba na kufuma ni ndugu wa siku nyingi. Miongoni mwa vitu vya zamani kabisa vya kufumwa kwa sindano vilivyohifadhiwa hadi leo ni soksi za uzi wa pamba kutoka Misri, za kati ya karne ya 11 na ya 14, nyeupe zenye michoro ya buluu. Kwa hiyo mama wa Bariadi anayefuma uzi wa pamba asidhani ameiga tu kazi ya wageni wa nchi za baridi. Bara letu limeijua kazi hii tangu zamani.

Lakini pamba yatuhusu kwa sababu nyingine iliyo karibu zaidi. Fedha ya wateja wetu hufuata pamba, na nafasi yetu ya kufuma hufuata pamba. Kuanzia Mei, soko la pamba likifunguliwa, watu huagiza. Mmoja ataka vitambaa vya harusi, mwingine ataka shali la mtoto kwa ajili ya asubuhi za baridi za Juni na Julai. Wakati huo shamba limepumzika, na mfumaji ana nafasi. Kisha hufika Novemba. Mvua zimeanza, na kwa kawaida pamba hupandwa kuanzia katikati ya mwezi huo hadi katikati ya Desemba. Wakati huo huo wapo wanaotaka vitambaa vipya kwa ajili ya Krismasi, na wazazi wanataka sweta kabla shule hazijafunguliwa Januari. Hapo ndipo jembe, kitambaa na sweta hukutana katika mikono miwili ya mtu mmoja. Mfumaji asiyeuona mkutano huo mapema ataukuta umemzingira.

3. Hesabu ya sweta tatu

Tufanye hesabu kama tulivyozoea ubaoni. Tuseme mama mmoja amekubali kufuma sweta tatu za watoto wanaoanza darasa la kwanza. Sweta moja ina mgongo wa mistari 100, kifua cha mistari 100, na mikono miwili ya mistari 80 kila mmoja. Jumla ni mistari 360.

Tuseme tena kuwa kila mstari una vitanzi 80, ingawa mikononi hupungua. Akifuma mistari 30 kwa jioni moja, amefuma vitanzi 2,400. Kwa mwendo wa vitanzi 25 kwa dakika, hiyo ni kazi ya dakika 96, yaani zaidi kidogo ya saa moja na nusu baada ya chakula cha jioni. Mistari 360 itachukua jioni 12. Aongeze jioni 2 za shingo na kuunganisha. Sweta moja ni jioni 14, na sweta tatu ni jioni 42.

Akifuma siku sita kwa juma na kupumzika Jumapili, jioni 42 ni majuma 7. Ili akabidhi tarehe 20 Desemba, yampasa aanze tarehe 1 Novemba, kama hakuna msiba, wala ugonjwa, wala mgeni. Lakini ni nyumba gani katika usharika huu isiyopata mgeni kwa majuma saba? Basi aongeze majuma mawili ya akiba, aanze katikati ya Oktoba.

Tazameni hesabu hiyo ilivyo na ukali. Mwanamke anayesema mwishoni mwa Novemba, "Usijali, mwanangu, sweta zitakuwa tayari," si mwongo kwa nia, lakini hesabu imekwisha kumfanya mwongo. Na atakayelipa ni mtoto wa miaka sita atakayekwenda siku ya kwanza ya shule bila sweta, wakati wenzake wamevaa.

4. Kila kazi na mahali pake na saa yake

Mwenye kazi tatu asizichanganye katika kapu moja. Kila kazi iwe na mfuko wake wa nguo, na ndani yake viwemo uzi, sindano zake, na kikaratasi kinachoonyesha mstari uliofikiwa. Vumbi letu la kiangazi ni adui wa uzi mweupe, na panya hapendi kitu kuliko kiota cha sufu. Mfuko uning'inizwe ukutani, usikae sakafuni.

Mwanga nao hugawa kazi. Sweta ya shule ya buluu iliyokoza au nyeusi ni taabu kubwa kuifuma usiku, hata kwa taa ya sola, kwa maana vitanzi havionekani vizuri. Rangi iliyokoza ifumwe mchana chini ya mwembe, na nyeupe iachwe kwa usiku. Kama kazi ya ahadi ni ya rangi iliyokoza, basi ile saa moja na nusu ya jioni haitafaa, na yapaswa kutafuta saa ya mchana. Hilo nalo liingie katika hesabu.

Kisha iko kazi ya safari. Anayepanda basi kwenda Mwanza kwa njia ya Lamadi ana saa kadhaa za kukaa. Achukue kofia au soksi ya mtoto, kazi ndogo isiyo na hesabu nyingi. Asichukue kitambaa chenye maua ya kuhesabiwa, wala kitu cheupe.

Hivyo twapata kanuni rahisi ya kazi tatu: moja ya kuhesabu, moja ya safari, na moja ya ahadi. Ya nne isianzwe mpaka mojawapo imekwisha. Na kama saa ni chache, zile mbili zingoje, ile ya ahadi iendelee.

5. Daftari, na fedha ya uzi

"Mali bila daftari hupotea bila habari." Mfumaji awe na daftari la senti chache. Kwa kila kazi aandike: jina la mwenye kazi, vipimo, siku ya kukabidhi, fedha iliyopokelewa, uzi ulionunuliwa na namba yake ya fungu, na ukubwa wa sindano. Afume pia kipande cha majaribio cha sentimita 10 kwa 10, ahesabu vitanzi na mistari, na kuandika. Kazi ikilala miezi mitatu, daftari litamkumbusha alichokuwa akifanya.

Hapa tufike kwenye kiini cha somo. Mteja wa kwanza ameleta fedha ya uzi. Kabla uzi haujanunuliwa, nyumba inadai chumvi, au mteja wa pili anaharakisha yake. Mfumaji anachukua fedha ya yule kununua uzi wa huyu, akitumaini malipo ya tatu yatafidia. Kwa juma moja mambo yanakwenda. Kisha mteja wa tatu anaahirisha, na sweta ya kwanza haina uzi wala fedha. Makapu mengi ya kazi zisizokwisha hayakujazwa na uvivu. Yalijazwa namna hii.

Dawa yake si ngumu kuisema, ingawa kuitenda kwahitaji moyo. Fedha ya uzi iwe uzi siku ile ile, au ikae katika bahasha yenye jina la mwenyewe. Ujira wa mkono ndio wa nyumba, nao huja kazi ikikabidhiwa. Na mteja akiambiwa mapema kwamba kazi itachelewa, bado ana nafasi ya kutafuta sweta kwingine. Akiambiwa Januari, hana.

6. Kazi zilizolala

Mwisho, tufungue ule mfuko wa chini kabisa. Kila mwaka, kabla ya mvua, toa kazi zote zilizolala na uulize swali moja kwa kila moja: kuna mtu anayeingoja? Kama yupo, ipewe siku. Kama hayupo na uzi ni mzima, ifumuliwe bila huzuni. Uzi ukazungushwe kiganjani na kiwiko, ufungwe, uoshwe, uanikwe kivulini ili mikunjo ilegee, nao utafaa tena. Huo ndio uzuri wa kufuma kuliko kukata kitambaa kwa mkasi. Hata sweta iliyokwisha yaweza kuongezwa: mikono ikifumwa kuanzia begani kushuka chini, mtoto akikua unafumua ukingo tu na kuendeleza.

Twasoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, habari za Dorkasi wa Yafa. Alipokufa, wajane walimwonyesha Petro mavazi aliyowatengenezea alipokuwa pamoja nao. Hayakuwa mavazi aliyokusudia kuyatengeneza, yalikuwa yamekwisha. Huenda naye alikuwa na kapu lenye kazi nyingi, hatuambiwi. Lakini wajane walivaa zile zilizokamilika.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni kazi ngapi zimo kapuni mwako sasa, na ngapi kati ya hizo zina mtu anayezingoja?
2. Fanya hesabu ya mistari ya kazi moja uliyoahidi. Ni jioni ngapi zimebaki, nawe unazo?
3. Kikundi chetu chaweza kufanya nini ili fedha ya uzi ya mteja isitumike nyumbani wakati wa dhiki?
4. Je, methali ya "Mshika mawili" ina maana gani kwa kazi nyingine za nyumba na shamba?

Kazi ya juma hili: tengeneza daftari, na mkutano ujao ulete kazi moja iliyolala, ama ikiwa imekwisha, ama ikiwa imefumuliwa.