Kununua Vipuri vya Pikipiki Al-Sulay, Riyadh

Mwongozo huu ni wa Waswahili wanaoendesha pikipiki Riyadh na wanaotafuta vipuri Al-Sulay, mtaa wa maduka na maghala kusini-mashariki mwa jiji. Fuata hatua kwa mpangilio huu, bila kuruka hata moja. Hasara nyingi hutokea pale mnunuzi anapotaja jina la pikipiki badala ya namba ya kipuri, kwani pikipiki mbili zenye jina moja, zilizoundwa miaka tofauti, huweza kutumia breki tofauti.

Maneno matatu yatarudiwa. Kipuri halisi ni kilichotolewa na kampuni iliyounda pikipiki; muuzaji atakiita asli. Kipuri mbadala kimetengenezwa na kampuni nyingine kwa vipimo vilevile, atakiita tijari. Kipuri cha kuundiwa ni kile fundi anachokereza au kuchomelea kwa oda yako.

1. Andaa kalipa ya milimita, rula ya chuma ya sm 30, mita ya umeme, daftari na mfuko mgumu.

2. Nakili namba ya chesisi kutoka kwenye shingo ya fremu, chini ya usukani. Pikipiki nyingi za sasa zina herufi na tarakimu 17. Herufi I, O na Q hazitumiki humo, kwa hiyo duara ni sifuri. Linganisha na istimara, yaani kadi ya usajili wa pikipiki, tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana, usinunue chochote mpaka ujue sababu.

3. Fungua kipuri cha zamani, kisafishe, kisha nakili kila alama iliyochongwa juu yake. Kiweke mfukoni, utakwenda nacho dukani.

4. Pima. Hapa usiwe na haraka, hasa kwenye cheni. Cheni ya 420 na ya 428 zina umbali uleule kati ya pini na pini, mm 12.70, na ukizilaza juu ya kaunta zinafanana. Tofauti iko ndani: ingiza midomo ya kalipa katikati ya mabamba mawili ya ndani. Ukisoma takriban mm 6.4, ni 420. Ukisoma takriban mm 7.9, ni 428. Cheni ya 420 haitakaa kwenye sproketi ya 428, na ya 428 itachezacheza kwenye sproketi ya 420. Sasa ivute cheni ya 428 mpaka inyooke, upime nafasi 20, kutoka katikati ya pini ya 1 hadi katikati ya pini ya 21. Mpya ina mm 254. Ikifika mm 259, imekwisha. Hesabu pini zote, kisha meno ya sproketi ya mbele na ya nyuma. Nunua vyote vitatu pamoja: cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka huharibika mapema.

5. Tafuta namba ya kipuri kwenye katalogi ya kampuni kwa kutumia namba ya chesisi. Iandike kwa tarakimu kubwa.

6. Nenda dukani siku isiyo Ijumaa, maana asubuhi yake maduka mengi hufungwa. Salimia, kisha mpe muuzaji daftari asome mwenyewe. Tarakimu zinazotamkwa kwa Kiarabu cha kubahatisha huleta kipuri kisicho chako. Uliza: asli au tijari? Andika jibu na bei. Rudia katika maduka matatu.

7. Kagua kipuri kabla ya kulipa. Kiweke sambamba na cha zamani, upime matundu ya bolti kwa kalipa. Kwenye tairi, tafuta neno DOT na usome tarakimu 4 za mwisho: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Joto la Riyadh hupita nyuzi 45 kiangazi, na mpira uliolala ghalani huzeeka hata bila kutembea. Mimi sinunui tairi iliyopita miaka 3. Betri ya volti 12 iliyochajiwa ipimwe bila mzigo. Chini ya volti 12.4, irudishe.

8. Chora kipuri cha kuundiwa kabla ya kumwona fundi, kila kipimo kwa milimita. Kipenyo cha usukani panapobanwa huwa mm 22.2 au mm 28.6, andika chako. Keria ijaribiwe juu ya pikipiki kabla ya kupakwa rangi. Badiliko linalogusa umbo la pikipiki au injini liulizwe kwanza Muruur, idara ya trafiki.

9. Lipa, kisha dai fatura, yaani ankara, yenye msimbo wa QR. Namba ya kodi ya muuzaji ina tarakimu 15. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 15 tangu Julai 2020: gawa jumla kwa 115, zidisha kwa 15. Ndani ya riyali 230 mna kodi ya riyali 30. Hesabu isipolingana, usiondoke. Masharti ya kurudisha yaandikwe juu ya fatura. Wizara ya Biashara hupokea malalamiko kwa namba 1900.

10. Rudia vipimo vya hatua ya 4 nyumbani, juu ya kipuri kipya. Vikilingana, fungua pakiti yote na ufunge kipuri. Kama hata kipimo kimoja kinatofautiana, rudisha kipuri kikiwa safi, hakijaguswa na grisi, pamoja na pakiti na fatura.