SOMO LA WIKI: Kalamu ya zamani hupimwa kwa hali, si kwa umri

Parker 51, kalamu ya kujaza wino iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1941, ilitengenezwa kwa mamilioni. Umri pekee hauipandishi bei. Mnunuzi aanze na sehemu ya kujazia. Zile za awali, Vacumatic, zina kiwambo cha mpira kinachokakamaa kwa miaka. Gharama ya kukibadili ipunguzwe katika bei. Zilizofuata kuanzia 1948, Aerometric, zina kifuko cha plastiki ambacho mara nyingi bado ni kizima: zijaribiwe kwa maji kabla ya kulipa. Kisha zikaguliwe nyufa, nibu iliyopinda na kifuniko kilichobonyea. Jina la mwenyewe lililochongwa hushusha bei. Naye muuzaji asiisugue mno: mng'aro huweza kufuta alama za mwaka wa kutengenezwa, na thamani ikaondoka nazo.